Kikokotoo, mkupuo na bibi wa kashata: kweli au si kweli?

Kwenye kijiwe cha kahawa mtaani kwetu, Tanga, neno "kikokotoo", yaani kanuni ya kukokotoa pensheni ya mstaafu, likitajwa tu vikombe vinawekwa chini. Wapo walimu wawili wastaafu, fundi mitambo wa zamani wa kiwandani, karani aliyebakiza miaka mitatu, na bibi wa kashata ambaye haingii kwenye mjadala lakini hapitwi na neno. Nimeona niyachukue yanayosemwa pale niyapige hesabu, maana kelele ni nyingi na karatasi ni chache.

"Kikokotoo kimetuumiza wafanyakazi wote."

Si kweli. Kimewaumiza baadhi, na wengine kimewanenepeshea mkupuo. Mtumishi aliyekuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PSPF au LAPF alikuwa akistaafu anapewa nusu ya pensheni yake kwa mkupuo. Wa NSSF, PPF na GEPF alikuwa anapewa robo. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikaunganishwa kuwa PSSSF, NSSF ikabaki kwa sekta binafsi na waliojiajiri, na kanuni mpya zikataka kila mtu apewe robo. Walimu na wauguzi wakapiga kelele mpaka Ikulu ikasikia: tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo hadi 2023. Julai 2022 likaja jipya, asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikarekebisha tena: waliozoea nusu wapewe asilimia 40, waliozoea robo wapewe 35.

Sasa chukua kalamu. Mwalimu aliyekuwa PSPF amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wa kupigia hesabu ni Sh 1,000,000 kwa mwezi, Sh 12,000,000 kwa mwaka. Kwa utaratibu wa zamani unachukua 360, unagawa kwa 540, unazidisha kwa mshahara wa mwaka: pensheni kamili ni Sh 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake, mara 15.5, ndiyo mkupuo: Sh 62,000,000. Nusu iliyobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ni Sh 333,333 kila mwezi.

Kwa utaratibu wa sasa unagawa kwa 580 badala ya 540, na kile cha 15.5 kimekuwa 12.5. Mwalimu yuleyule anapata mkupuo wa Sh 37,241,379 na pensheni ya mwezi ya Sh 372,414.

Fundi wa kiwandani wa NSSF, ambaye 580 na 12.5 ndizo namba zake tangu zamani, kwa mshahara na miaka ileile angepewa zamani Sh 23,275,862 na 465,517 kwa mwezi. Leo mkupuo wake ni Sh 32,586,207, na mwezi unashuka hadi 403,448. Huyu hajapunjwa hata senti, amebadilishiwa tu mfuko wa kuwekea. Ndiyo maana fundi wetu wakati wa mjadala anakunywa kahawa yake taratibu.

"Wanaosema pensheni ya mwezi imepanda wanatudanganya."

Hapana, kwa waliozoea nusu imepanda kweli. Ila ukweli huo ni wa kutazamwa kwa jicho la pili. Mwalimu wetu amepoteza Sh 24,758,621 kwenye mkupuo, akaongezewa Sh 39,081 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo irudishe kilichopotea, inabidi alipwe miezi 634, miaka 52 na ushei. Amestaafu ana 60. Nilipomwonyesha hesabu hiyo mmoja wa walimu pale kijiweni, aliigeuza karatasi akaitazama upande wa pili, kana kwamba huenda jibu lingine limeandikwa huko. Kisha akasema, "Kumbe natakiwa niishi miaka mia na kumi na mbili, mwanangu."

"Mkupuo ni kiinua mgongo, asante ya mwajiri."

Si kweli, na jina la kiinua mgongo ndilo linalotupoteza. Mkupuo ni pensheni yako mwenyewe uliyoiuza mapema. Ile 12.5 ni miaka: unapewa leo kwa pamoja kile ambacho ungepokea kidogokidogo kwa miaka 12 na nusu. Ukistaafu na 60 ukafika 72 na nusu, ngoma droo. Ukizidi hapo, aliyechukua mkupuo mdogo ndiye mjanja. Kwa hiyo unapozozana kuhusu asilimia tu, 33, 35 au 40, unazozania lini ulipwe. Wanachama wa zamani wa PSPF na LAPF kilichowapunguzia ni ile 540 kuwa 580 na 15.5 kuwa 12.5, namba mbili ambazo sijawahi kuziona kwenye bango lolote.

Najua watu wanautaka mkupuo kwa sababu nyumba haijengwi kwa laki tatu za kila mwezi. Baba yangu mdogo alipopata wake alipaua, akanunua pikipiki mbili za bodaboda, na harusi ya binti ikachukua zilizobaki. Pikipiki moja iliibwa, nyingine iko juu ya mawe. Bati lipo mpaka leo, na anakuonyesha kwa kidole kila ukienda.

"Ninacholipwa ni hela yangu niliyokatwa."

Kwa mtumishi wa umma ni robo kweli, na robo hii naisema kwa kupima. Mchango wa PSSSF ni asilimia 20 ya mshahara: mtumishi anakatwa 5, mwajiri anatoa 15. (NSSF wanaweza kugawana kumi kwa kumi.) Mwajiri wa mwalimu ni Serikali, na Serikali haina shamba, ina kodi.

Lipo pia deni la zamani. Kabla ya 1999 mtumishi wa Serikali Kuu hakuwa anachangia pensheni, ilitoka Hazina moja kwa moja. PSPF ilipoanzishwa mwaka huo ikabebeshwa pia miaka ya utumishi iliyotangulia, ambayo hakuna shilingi iliyokuwa imewekwa kwa ajili yake. Watu wakaanza kustaafu na kulipwa kwa miaka hiyo, na shimo likapanuka. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya Sh trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Kwa hiyo kijana aliyeajiriwa juzi akiambiwa kikokotoo kimebanwa ili mfuko uwe endelevu, ana haki ya kuuliza nani aliutoboa. Siyo mwalimu aliyestaafu, wala siyo yeye.

"Asiyeajiriwa hakuchangia, sasa anadai nini?"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, na husemwa mbele ya bibi wa kashata bila aibu. Ile 15 ya mwajiri imetoka Hazina. Hatifungani italipwa na Hazina. Hazina inapata wapi? Bibi akinunua kipande cha sabuni, ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Akiweka vocha kwenye simu yake ya tochi, kodi imo. Amekuwa akichangia pensheni ya mwalimu tangu kodi hiyo ianze 1998, naye mwalimu akinywa kahawa pale anamnunulia kashata mbili. Huo ndio mgao mzima unaomrudia.

"Zanzibar kila mzee analipwa."

Karibu kweli. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, awe alikuwa mvuvi, mkulima wa karafuu au mama wa nyumbani. Haulizwi alichangia nini. Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikafikishwa Sh 50,000. Ni hela ndogo, na miaka 70 ni mbali. Lakini bibi mwenye elfu hamsini yake haombi nauli ya kwenda kliniki, na wajukuu humsalimia kwa sauti ya juu zaidi. Kenya nao walianza 2018 kuwalipa waliotimiza 70 Sh 2,000 za kwao kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Bara kwetu tuna TASAF, ambayo hutazama umaskini wa kaya, siyo umri wa mtu.

"Wanawake ndio wanaofaidi, maana wanaishi sana."

Nusu. Ile 12.5 ni moja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo mwanamke aliyeajiriwa na akaishi sana anafaidi kweli. Hesabu sasa ni wanawake wangapi wa umri wa mama yako waliowahi kuwa na hati ya mshahara.

"Aliyejiajiri hana pa kujiunga."

Si kweli. NSSF inawapokea kwa hiari: mama lishe, bodaboda, mkulima. Karani wetu, ambaye kwa kukaribia kustaafu amekuwa mwalimu wa wote, alimgeukia bibi wa kashata wiki iliyopita akamweleza vizuri kabisa, namna ya kuandikishwa na namna ya kulipa kwa simu. Bibi akamsikiliza huku anapanga kashata zake safu kwa safu.

"Na mpaka nianze kulipwa, baba?"

"Miezi mia na themanini ya kuchangia, bibi."

Ana miaka 63. Aliwahesabia watu wawili chenji yao, akafunika sinia, akauliza nauli ya boti kwenda Pemba ni shilingi ngapi.