Wembe wa Zamani Hautaki Haraka

WAHENGA walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Lakini wembe wa kukunja, ule waliokuwa nao wazee wetu kabla ya nyembe za kutupa kuenea, mtu hapewi hivi hivi, hufunzwa kwanza. Mimi ni mmoja wa wale wanaopenda kuzifufua nyembe hizo zinapotolewa masandukuni zimeshika kutu, na ombi ninalolisikia kila mara ni moja: "Ami, isugue ing'ae kama mpya." Leo nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini ombi hilo huweza kuuua wembe ambao kutu ya miaka mingi imeshindwa kuuua.

Kwanza tuujue wembe wenyewe. Nyembe nyingi za zamani zilitoka katika miji miwili: Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Sheffield ilipata sifa katika karne ya 18, baada ya Benjamin Huntsman kubuni, katika miaka ya 1740, njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hata kikawa safi na sawasawa. Solingen nayo ilisifika kwa nyembe zilizochimbwa mbavu pande zote mbili mpaka zikawa nyembamba mno. Jina la mji na la mtengenezaji hupigwa chapa kwenye shina la wembe, karibu na mpini. Chapa hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Siri ya wembe iko mgongoni. Unapounoa, unaulaza juu ya kinoo hata mgongo na makali yakaligusa jiwe kwa pamoja. Kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo viamuavyo pembe ya makali. Chukua wembe wenye upana wa milimita 18 na mgongo wa milimita 5: pembe yake ni kama nyuzi 16. Ukiusaga hata upana ukabaki milimita 14, na mgongo ukawa ule ule, pembe hupanda ikakaribia nyuzi 21. Hapo una kisu kizuri, lakini wembe umekwisha.

Adui wa pili ni joto. Chuma cha wembe kilitiwa moto kikazimwa ghafula ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa kidogo kisivunjike upesi. Makali ni membamba, hayana pa kuliweka joto la gurudumu la umeme. Yakifika kama nyuzi 300 za sentigredi hugeuka rangi ya buluu, na makali yaliyogeuka buluu yamelainika. Utayanoa leo, kesho ni butu. Ndiyo sababu kazi hii huifanya kwa mkono na kwa maji.

Jirani yangu mmoja aliniletea wembe wa marehemu baba yake. Kutu ilikuwa imeenea ubavuni, ncha imevunjika, na karibu na ncha makali yalikuwa na pengo. Nilitafuta ufa kwanza, kwa kuwa wembe wenye ufa hauna dawa. Haukuwa nao. Nikamwambia: "Mwanangu, nikiyasugua mashimo yote ya kutu mpaka yaishe, chapa ya Sheffield nayo itaondoka."

Akanyamaza, kisha akasema: "Iache, ami. Baba alikuwa akinisomea maandishi hayo."

Basi nikatumia msasa wa maji, namba 400 kwanza, nikapanda pole pole hadi 2000, vidole vikiwa mbali na makali. Kutu nyekundu ilitoka. Madoa machache meusi yakabaki. Madoa hayo hayadhuru, mradi hayakufika kwenye makali. Pengo nalo sikulifuata kwa kuyashusha makali yote. Niliichonga ncha ikawa mviringo, pengo likaondoka pamoja na mahali palipovunjika. Urefu ulipungua kidogo. Upana ukabaki ule ule, na pembe haikuharibika. Kisha ukaja unoaji: kinoo namba 1000 cha kuyaweka makali, 5000 na 8000 ya kuyalainisha, na mwisho mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia mbele ili makali yasiukate mkanda. Wembe ulipozikata nywele za mkono bila ya kuzivuta, nikajua umerudi.

Kuutunza ni kazi nyingine, hasa kwetu pwani ambako hewa ina chumvi. Ukishautumia, ukaushe kabisa, kisha uupake tone la mafuta ya cherehani. Tazama na mpini pia. Mipini ya pembe hudumu, lakini ile ya seluloidi ikizeeka huweza kutoa mvuke wenye asidi unaoila bapa. Ukiona kutu inarudi pale wembe unapolala ndani ya mpini, badili mpini, usiulaumu wembe.

Nimalizie kwa jambo zito kuliko yote. Wembe wa urithi ni wa mtu mmoja. Wazee wetu walinyoana kwa wembe mmoja bila ya kujua yanayojulikana sasa: kwamba damu isiyoonekana kwa macho huweza kubeba Ukimwi na homa ya ini, na kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuufuta kwa kitambaa hakutoshi. Kwa hivyo kinyozi anapokuja siku ya saba kukinyoa kichwa cha mtoto wa akika, mpe wembe mpya uliofunguliwa mbele yenu. Wa babu uwe kwenye kabati, umepakwa mafuta, ukimngoja mtoto huyo afike umri wa kuota ndevu zake mwenyewe.