Mshindo Katika Mayungiyungi

Mto Lualaba hutoka kusini, katika nchi ya Katanga. Hupita Kindu, kisha huendelea kaskazini mpaka Ubundu na maporomoko saba ya Boyoma. Kutoka hapo watu huuita mto Kongo. Mbele ya Kindu mto ni mpana sana. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa magharibi, na Alunguli iko ng'ambo, upande wa mashariki. Mitumbwi huvuka kutwa kucha ikichukua watu na mizigo.

Lakini si maji yote yaendayo kwa nguvu. Kando ya mto, na katika vijito viingiavyo humo, kuna mahali ambapo maji hutulia. Hapo huota mayungiyungi. Mizizi yake imo katika matope, na majani yake mapana huelea juu ya maji. Ndani ya shina lake mna vijia vya hewa vinavyoshuka mpaka mizizini. Kwa hiyo yungiyungi haliozi, ingawa mizizi yake imo katika matope siku zote.

Mvuvi hupenda mahali kama hapa. Hutega ndoana yake katikati ya majani, akangoja. Maji ni kimya. Panzi ameruka juu ya jani. Mara, pwaa! Maji yanapasuka, majani yanatikisika, mawimbi madogo yanakwenda pande zote. Mvuvi hutazama, haoni kitu. Panzi hayupo tena.

Ni nani aliyepiga maji? Watu wengine husema ni pepo wa mto, nao huogopa hata kurudi mahali pale. Wengine hawaogopi kitu, huingia majini kutazama. Wote wawili wamekosea. Mshindo una sababu yake, na mtu mwenye kutazama vema huweza kuijua.

Kwanza, ni lazima kujua jinsi samaki anavyowinda. Ubavuni mwake, tangu kichwa mpaka mkiani, ana mstari wa vitundu vidogo. Kwa mstari huo husikia maji yanapotikisika, hata katika maji machafu au usiku. Panzi akianguka majini na kupapatika, samaki hujua mara moja. Huja kutoka chini, hufungua kinywa chake ghafula, na maji hukimbilia ndani pamoja na panzi. Huo ndio mshindo usikiwao na mvuvi. Kisha samaki hugeuka na kuzama, na mkia wake huacha kizingia cha maji.

Pili, kuna samaki wanaopanda juu kwa sababu ya kupumua. Katika maji ya mayungiyungi majani mengi hufa na kuoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyomo majini. Tena majani mapana huzuia mwanga wa jua usifike chini. Karibu na mapambazuko hewa huwa kidogo kabisa. Samaki wengi hawawezi kuishi hapo. Lakini Mwenyezi Mungu amewapa wengine njia nyingine. Kambare ana kiungo juu ya matamvua yake kinachovuta hewa ya juu. Kamongo ana mapafu mawili; akizuiliwa chini ya maji muda mrefu, hufa maji kama mtu. Samaki hawa hupanda, humeza hewa kwa sauti ndogo, na kushuka tena. Mara nyingi huacha mapovu nyuma yao. Mapovu yakionekana na panzi angali juu ya jani, basi aliyepanda hakutaka chakula, alitaka pumzi.

Tatu, kuna samaki anayepiga maji kwa hasira. Huyo ni mongusu. Mwili wake ni wa mviringo na mrefu, na kichwa chake hufanana na cha nyoka. Huweza kufika urefu wa nusu mita, naye pia hupumua hewa ya juu. Wakati wa kuzaa, mongusu dume na jike husafisha mahali kati ya majani. Watoto wakitoka katika mayai, hukaa pamoja karibu na uso wa maji, kama wingu dogo. Wazazi wao hukaa chini yao na kulinda. Chura akipita, au ndoana ikianguka karibu, mzazi hupanda na kuipiga kwa nguvu, hata kama hana njaa.

Mvuvi mwenye akili akiona wingu la watoto, huhamisha ndoana yake. Akiwatoa wazazi, samaki wengine watawala watoto wale kwa siku chache. Mtu huyo atakuwa amekula samaki wawili leo, na kupoteza wengi wa mwaka ujao.

Tena yuko samaki mwenye mdomo mrefu na meno makali, ambaye hutengeneza kiota cha povu kati ya majani na kuweka mayai yake humo. Naye hulinda kiota chake. Huyu hupenda maji matulivu, maana mbenga, mwenye meno makubwa kumpita, hutawala maji yaendayo kwa nguvu.

Si samaki peke yao wapigao maji. Mdiria hujitupa kutoka juu ya mti kama jiwe, akatoka na samaki mdomoni. Fisi maji huogelea chini ya majani. Lakini kuna mmoja ambaye ni lazima kumkumbuka kuliko wote, naye ni mamba.

Mamba huweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa bila kupumua. Akipanda, huonyesha pua na macho tu, na kati ya majani ni vigumu kumwona. Mamba hapigi maji mapema. Hungoja kimya mpaka mnyama au mtu akaribie. Tena hushika desturi za watu: mtu akija mahali pamoja kila siku kuteka maji au kuosha samaki, mamba hujua. Ndiyo maana wavuvi wazee husema, “Kimya kingi kina mshindo mkuu.”

Kwa sababu hiyo mtoto haendi kuvua peke yake, wala haendi jua likiisha kutua. Hakai ukingoni na miguu majini. Haoshi samaki pale pale alipovulia. Mshipi ukinaswa na mayungiyungi, haingii majini kuutoa, maana mashina yale marefu hufunga miguu ya mwogeleaji kama kamba. Ni heri kukata mshipi. Ndoana hununuliwa sokoni, lakini uhai haununuliwi.

Basi mshindo katika mayungiyungi si pepo. Ni kiumbe anayetafuta chakula, au pumzi, au anayelinda watoto wake. Anayeogopa bila kuuliza hajifunzi kitu, naye anayeingia bila kutazama huenda asirudi nyumbani. Mvuvi mwema husimama kwanza, hutazama mapovu, kizingia na majani yanayotikisika, kisha hujua la kufanya.

Maswali
1. Kwa nini hewa ni kidogo katika maji ya mayungiyungi?
2. Kamongo na kambare hupanda juu kutafuta nini?
3. Kwa nini mongusu hupiga ndoana hata kama hana njaa?
4. Taja mambo manne ambayo mtoto hafanyi akienda kuvua.