Mtoto aliyepasuliwa kifua asiachwe kitandani

Mzazi akimwona mwanawe amelala wodini, kifua kimefungwa bandeji na uso umekunjamana kwa maumivu, jambo la kwanza linalomjia ni kuwaomba watu wote wamwache apumzike. Ni huruma, na hakuna wa kumlaumu. Lakini siku za mwanzo baada ya upasuaji wa kifua, kulala chali bila kujisogeza humletea mtoto taabu ambazo upasuaji wenyewe haukuzileta.

Chukua watoto wenye kifua kilichobonyea. Gegedu za mbavu zao hukua kuelekea ndani na kuuvuta mfupa wa kidari upande wa moyo. Hali hii huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na shimo huongezeka mtoto anaporefuka haraka wakati wa balehe. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa ile iliyoelezwa na daktari wa Marekani, Mark Ravitch, mwaka 1949: kupasua kifua kwa mbele, kuondoa gegedu zilizopinda na kukinyoosha kidari. Mwaka 1987 Dk. Donald Nuss, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watoto mjini Norfolk, jimbo la Virginia, alianza njia nyingine isiyokata gegedu. Chuma kilichopindwa hupitishwa chini ya kidari kupitia matundu madogo ubavuni, kisha hugeuzwa ili kikisukume kidari mbele. Hukaa humo kwa kawaida miaka miwili hadi minne, mpaka kifua kishike umbo jipya.

Matundu ni madogo, maumivu ni makubwa. Kidari kilichokaa ndani miaka yote hiyo kimesukumwa nje katika operesheni moja, na kila pumzi inauma. Mtoto hujifunza upesi kuvuta pumzi fupi fupi na kuzuia kikohozi. Matokeo yake sehemu za chini za mapafu hazipati hewa na hunywea, kohozi hutuama, na nimonia hupata pa kuingilia. Dawa kali za maumivu nazo hufunga choo, na misuli isiyotumika hulegea.

Ndiyo maana fiziotherapia huanza mapema, mara nyingi kesho yake tu. Nayo huanzia kwenye dawa ya maumivu. Kumlazimisha mtoto anayeugulia asimame ni ukatili, wala hakuna mazoezi yatakayofanikiwa hivyo. Dawa itolewe mapema, iwe imeshafanya kazi mtaalamu anapofika. Baadhi ya hospitali siku hizi hugandisha neva zilizo kati ya mbavu wakati wa upasuaji wenyewe. Hisia hurudi baada ya miezi kadhaa, na watoto wengi waliofanyiwa hivyo huruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi.

Kuinuka nako kuna namna yake. Kichwa cha kitanda hupandishwa mpaka mtoto akae. Mtaalamu humpitishia mkono nyuma ya mabega, na kwa mkono wa pili huisogeza miguu ukingoni, ili mabega na nyonga vigeuke pamoja bila kiwiliwili kujisokota. Mtoto havutwi mikono. Akishakaa hungojewa kidogo, kizunguzungu kipite. Kisha hatua chache hadi kitini na baadaye hadi mlangoni, mradi kila mara aende mbele kidogo kuliko mara iliyopita. Akitaka kukohoa hukumbatia mto kifuani.

Kwa mapafu, wodi nyingi hutumia kile kifaa chenye vimpira vinavyopanda mtoto akivuta pumzi ndefu. Ipo pia njia rahisi: chupa yenye maji, mrija uliozama ndani, na mtoto anapuliza taratibu mpaka mapovu yatoke. Watoto huipenda, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Mtu mzima awe karibu, mtoto asije akayanyonya maji.

Kisha kuna mabega. Wengi wa watoto hawa wamekua wakijikunja ili bonde lisionekane, hata kuogelea wamekataa kwa kuogopa kuvua shati. Kifua kikinyooka, mgongo bado una mazoea ya zamani. Kumfundisha kusimama wima ni kazi ya wiki nyingi, na naona ndiyo inayosahaulika zaidi. Huko nyumbani, kwa wiki kadhaa habebi begi la shule wala kitu kizito, na michezo ya kugongana husubiri kwa miezi mpaka daktari aruhusu. Kutembea hakusubiri.

Mengi ya haya yanawahusu pia watoto wetu wanaopasuliwa moyo, kama wanaotibiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Wengi wao hukatwa kidari, kikafungwa kwa nyaya, na mfupa huhitaji wiki sita hadi nane kuungana. Mtoto mdogo ainuliwe kwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega, kamwe si kwa makwapa. Kabla ya kumrudisha kwenye mbeleko, mama amuulize mtaalamu, maana mbeleko hukibana kifua. Na asifundishwe mama peke yake. Bibi, dada wa kazi, kaka anayempakia kwenye bajaji, wote watamnyanyua mtoto huyo, kwa hiyo wote waonyeshwe kabla hajatoka wodini.