Chuo Kisichotoza Ada Si Chuo Hafifu

Kila msimu wa maombi ya vyuo, wazazi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, chuo cha Ujerumani kisichotoza ada, elimu yake si itakuwa hafifu?" Methali ya rahisi ghali imewakaa kichwani, na mawakala wanaifanyia biashara: wanawauzia "nafasi" kwa maelfu ya euro katika vyuo binafsi visivyojulikana. Tuseme wazi: dhana hii ni potofu.

Chukua Chuo Kikuu cha Hamburg. Mwaka 2007 kilianza kutoza euro 500 kwa muhula. Baadaye ada ikashuka hadi 375, na mwaka 2012 ikafutwa kabisa. Profesa gani alipungukiwa elimu siku ile? Kilichobadilika ni serikali ya jiji: chama cha SPD kiliahidi kufuta ada, kikashinda uchaguzi wa 2011, kikaifuta, na hazina ya umma ikabeba mzigo. Mwaka 2019, bila ada, chuo hichohicho kikapewa hadhi ya juu kabisa ya ubora wa utafiti inayotolewa Ujerumani.

Kwa hiyo ada si kipimo cha elimu. Ni uamuzi wa kisiasa, kama kuzaliwa kwa chuo chenyewe. Mfanyabiashara Edmund Siemers alikuwa amelipia jengo la mihadhara lenye kuba, likafunguliwa 1911, lakini mwaka 1913 bunge la jiji lilikataa kuanzisha chuo kikuu. Idhini ilitoka 1919, kwa bunge lililochaguliwa kidemokrasia. Na ni katika chuo hicho mwanafizikia Otto Stern alipofanyia utafiti uliompa Nobel ya fizikia.

Sasa cha kufanya. Omba mwenyewe, moja kwa moja kwa chuo. Uliza mapema kama cheti chako kinatosha au utahitaji mwaka wa maandalizi. Anza Kijerumani sasa, maana shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa lugha hiyo. Tenga euro mia tatu na ushei za mchango wa muhula huko Hamburg, ambao si ada ya masomo, na takriban euro 12,000 za kujikimu mwaka mmoja, kwani ubalozi utataka kuziona. Kumbuka pia kwamba jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Mzazi, lipia masomo ya lugha na chakula cha mwanao. Wakala usimpe hata senti.