Alipodunda Philae

Wajukuu zangu, hadithi nyingi za nyota mlizowahi kusimuliwa zina wafalme na majini ndani yake. Hii ya leo haina mfalme wala jini. Ni ya kweli mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Novemba 2014. Hapa Brussels ilikuwa saa 11:03 jioni. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa 1:03 usiku. Mjini Darmstadt, Ujerumani, katika chumba cha kuongozea vyombo vya angani, watu waliokuwa wamekodolea skrini macho kwa saa nyingi waliruka kutoka vitini. Walikumbatiana, na wengine machozi yaliwatoka. Ishara ilikuwa imefika: chombo kidogo kiitwacho Philae kimegusa kometi, ile nyota yenye mkia. Tangu dunia iumbwe hakuna chombo kilichokuwa kimetua juu ya kitu cha namna hiyo.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo wale waliokuwa wakishangilia hawakulijua bado. Kometi ilikuwa umbali wa kilomita zaidi ya milioni 500. Ishara ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, na hata hivyo ilichukua dakika 28 kutufikia. Kwa hiyo shangwe zilipopanda, Philae alikuwa ameshagusa, ameshadunda, na kwa karibu nusu saa alikuwa akielea peke yake juu ya kometi bila kushika chochote.

Namtaja Philae kama mtu kwa sababu ndivyo ulimwengu ulivyomfanya siku zile. Na hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza: ilikuwaje watu wasiohesabika wakakipenda chombo cha kilo 100, chenye betri na miguu mitatu, wakakihangaikia kama ndugu aliyesafiri?

Kwanza mjue alikokwenda. Kometi ni bonge la barafu, vumbi na mawe lililobaki tangu Jua na sayari zake zilipokuwa zinaundwa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Likikaribia Jua, barafu hugeuka gesi, gesi hubeba vumbi, na huo ndio mkia tunaouona. Kometi ya Philae iligunduliwa mwaka 1969 na wanaanga wawili wa Kisovieti, Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko, nayo huitwa 67P. Ina upana wa kilomita kama 4. Picha zake za karibu zilipofika mwaka 2014, watu walicheka kwa furaha: ilikuwa na kichwa, shingo na mwili, ikafanana na bata wa plastiki anayeelea kwenye beseni la kuogea mtoto.

Philae alibebwa na chombo kikubwa zaidi, Rosetta, kilichorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 2 Machi 2004. Miaka kumi njiani! Sehemu ya safari hiyo, miezi 31, Rosetta alizimwa karibu vifaa vyake vyote ili kuokoa umeme, kisha akaamka mwenyewe Januari 2014.

Majina yenu mnayajua yalikotoka. Ya hawa yametoka mto Nile. Rosetta ni Rashid, mji ulio karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Philae ni kisiwa kilichokuwa na hekalu la kale, na jina hilo lilipendekezwa na msichana wa Italia aliyekuwa na umri wa miaka 15. Mahali alipopangiwa kutua paliitwa Agilkia, kisiwa ambako mahekalu ya Philae yalihamishiwa yasizamishwe na maji ya bwawa. Hilo nalo lilitokana na shindano: watu wa nchi 135 walipeleka mapendekezo zaidi ya 8,000. Kwa hiyo wewe msomaji wa Jinja, Uganda, unayeyaona maji yakitoka Ziwa Victoria kuanza safari ya kwenda Misri, mto wako umetoa majina hadi kwenye kometi.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu hawakuzipenda kometi siku zote. Mwaka 1910 kometi ya Halley ilikuja, na wanasayansi walikuwa wamegundua katika mikia ya kometi gesi ya sumu iitwayo sianojeni. Dunia ilitarajiwa kupita ndani ya mkia huo usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Mei. Magazeti yalimnukuu mwanaanga Mfaransa Camille Flammarion kwamba gesi hiyo ingeweza kuua viumbe vyote. Wanaanga wengine walieleza kuwa mkia ni mwembamba mno, hauwezi kumdhuru mtu, lakini habari ya kutisha ilikuwa imeshatangulia. Katika nchi mbalimbali kuna waliofunga milango na kuziba matundu ya funguo. Wajanja waliuza vidonge vya kujikinga na kometi. Usiku ukapita, kukakucha, watu wakaamka wazima.

Sasa nendeni kusini mwa Brussels, kwenye kilima cha Uccle. Hapo pana Kituo cha Kifalme cha Kuchunguza Nyota, na mwaka 1956 Sylvain Arend na Georges Roland waligundua kometi kwenye picha zilizopigwa hapo. Mwaka uliofuata ilionekana kwa macho matupu, na watu wakatoka nje kuitazama. Jirani na kituo hicho ipo taasisi ya Ubelgiji ya kuchunguza anga za juu, BIRA-IASB. Wataalamu wake walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, katika kazi ya kifaa cha Rosetta kiitwacho ROSINA. Hicho kilikuwa pua ya Rosetta.

Pua hiyo ilifanyaje kazi? Chembe za gesi zikiingia, hupewa chaji ya umeme, kisha hupitishwa kwenye njia iliyopinda, penye nguvu za umeme na za sumaku. Nyepesi hupinda zaidi na nzito hupinda kidogo, hivyo kila moja hufika mahali pake mwishoni na kujulikana kwa uzito wake. Kifaa kilikuwa makini kiasi cha kutenganisha molekuli ya nitrojeni na ile ya kaboni monoksidi, ambazo zote mbili zina uzito wa 28 na hutofautiana baada ya nukta tu. Naomba mkae na jambo hilo kidogo. Kifaa kiko mamilioni ya kilomita kutoka kwa fundi aliyekikaza skrubu, na bado kinaona tofauti hiyo.

Oktoba 2014, wiki chache kabla ya Philae kutua, wanasayansi wa ROSINA wakiongozwa na Kathrin Altwegg walitangaza harufu ya kometi: mayai viza, zizi la farasi, na dalili ya lozi chungu. Hiyo ya lozi ni hidrojeni sianidi, jamaa wa karibu wa ile gesi iliyowatoa watu jasho mwaka 1910. Safari hii hakuna aliyeziba tundu la funguo. Watoto walibana pua na kucheka. Gesi ni ya ukoo uleule. Tofauti ilikuwa kwamba sasa watu walielezwa yote: ni gesi gani, ni kidogo kiasi gani, na imejulikanaje.

Kulikuwa na wimbo pia. Rosetta alipima mtikisiko wa nguvu za sumaku kuizunguka kometi, wa polepole mno kwa sikio la binadamu. Wanasayansi waliuharakisha mara 10,000, ikatoka milio ya kugonga-gonga haraka haraka. Walipoiweka kwenye intaneti, ilisikilizwa na mamilioni. Kuna waliosema ni viumbe wa huko wanatuita! Hapana, ni chembe kutoka Jua zikikutana na gesi ya kometi. Ila siwalaumu waliosikia sauti ya mtu, maana hata mimi mwili ulinisisimka.

Si wote walioshangilia, na hili nataka mlijue. Mradi mzima uligharimu euro bilioni 1.4 kwa takriban miaka 20. Siku sita tu kabla ya Philae kutua, tarehe 6 Novemba, wafanyakazi zaidi ya 100,000 waliandamana hapa Brussels wakipinga serikali kubana matumizi na kupandisha umri wa kustaafu hadi miaka 67. Afrika Magharibi, Ebola ilikuwa ikiua watu Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mtu aliyeuliza kwa nini pesa zipelekwe kwenye bonge la barafu hakuwa mjinga, na anastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu langu ni hili. Pesa hazikupelekwa angani. Zililipwa mishahara ya mafundi, walimu na wataalamu hapa duniani. Zikigawanywa kwa watu wa Ulaya, kila mmoja alitoa kama euro 3.50 kwa miaka yote hiyo. Tena serikali zenyewe ndizo zilizokubaliana. Julai 1973 mawaziri wa Ulaya walikutana hapahapa Brussels, wakabishana karibu wavunje kikao. Ufaransa ilitaka roketi, Ujerumani maabara ya angani, Uingereza setilaiti ya mawasiliano ya meli. Mwishowe, tarehe 31 Julai, kila mmoja akapata chake kwa kukubali kuchangia cha mwenzake. Hapo ndipo njia ya kuunda ESA, Shirika la Anga la Ulaya lililomtuma Rosetta, ilipofunguka, na roketi ile ikaja kuitwa Ariane, jamii ya roketi iliyombeba Rosetta. Hayo yote hayamalizi swali la aliyeuliza, na asinyamazishwe.

Pia mwanasayansi mkuu wa mradi, Matt Taylor, alitokea kwenye televisheni siku ya kutua akiwa amevaa shati lenye michoro ya wanawake waliovaa nusu uchi. Wengi walikasirika: msichana anayeota kuwa mhandisi angejionaje? Siku mbili baadaye Taylor aliomba radhi hadharani huku akilia. Kuomba radhi vile ni uungwana, nami naliona limeisha. Ila kwa wasichana wanaosoma hapa nitawatajia jina jingine: Claudia Alexander, mwanamke Mmarekani mweusi, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa mchango wa Marekani katika Rosetta. Alifariki Julai 2015, na sehemu moja ya kometi ile sasa ina jina lake.

Haya, tulimwacha Philae akielea.

Usiku wa kabla ya kumwachia, wakubwa wake waligundua kuwa injini ndogo ya kumkandamiza chini haifanyi kazi. Walimwachia hivyo hivyo, akashuka kwa saa saba. Alipogusa, vyusa viwili vilivyopaswa kufyatuka na kujichoma ardhini havikufyatuka. Kometi ina uvutano mdogo kiasi kwamba kilo zake 100 huko ni gramu chache tu. Alidunda juu karibu kilomita moja, akaelea kwa karibu saa mbili, akashuka, akadunda tena kidogo, kisha akatulia kando ya genge, kivulini. Picha yake ya kwanza kutoka hapo ilionyesha mwamba mkavu wenye nyufa, na mguu wake mmoja ukiwa mbele yake.

Kivuli maana yake hakuna jua, na bila jua paneli zake hazichaji. Alikuwa na betri ya siku mbili na kitu tu. Hapo ndipo dunia ilipomshika Philae moyoni. Wanasayansi hawakuficha, walisema kilichoharibika na walichojaribu. Alijaribu kuchimba, akanusa, akapima, kazi moja baada ya nyingine, hata wakamgeuza mwili kidogo atafute mwanga. Usiku wa kuamkia Jumamosi ukurasa wake wa Twitter uliandika kwamba anahisi uchovu, na watu wa lugha nyingi wakamjibu kwa kumtakia usingizi mwema. Mnamo saa 7:36 usiku kwa saa za Brussels mawasiliano yakakatika. Vipimo vyake vya siku zile vilikuwa vimeshafika.

Nadhani kama angetua sawasawa, wengi wangepiga makofi na kurudi kwenye shughuli zao. Walimpenda kwa kuwa waliruhusiwa kuuona msiba wake tangu mwanzo, bila kufichwa.

Juni 2015 aliamka kwa muda mfupi, akanyamaza tena mwezi uliofuata. Tarehe 2 Septemba 2016 kamera ya Rosetta ilimpata: mwili umelala ubavu kwenye ufa, miguu yake ikionekana. Mwisho wa mwezi huo Rosetta naye alishushwa juu ya kometi na kuzimwa. Watafiti wameendelea kuchambua data ya ile pua, na humo wameshapata oksijeni na glisini, mojawapo ya malighafi za uhai.

Kometi ya 67P huzunguka Jua kwa takriban miaka 6 na nusu. Itarudi karibu na Jua mwaka 2028, ikiwa imewabeba wote wawili. Kwa macho matupu hamtaiona, kwa hiyo anzeni sasa kumwuliza mwalimu wenu wa sayansi ni wapi mnaweza kupata darubini.