Magonjwa Nyemelezi na Madhara ya Dawa (Sehemu ya Pili): Kidonge cha Miezi Sita

Juma lililopita tuliona jinsi kifua kikuu kinavyomnyemelea mwenye VVU. Leo tuitazame dawa yenyewe.

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Dk. Karel Styblo akawa mshauri wake mkuu. Tiba fupi iliyofuata ilikuwa ya miezi minane. Miwili ya mwanzo mgonjwa alidungwa streptomaisini kila siku na kumeza vidonge mbele ya muuguzi. Sita iliyobaki alimeza nyumbani isoniazidi iliyochanganywa na thiasetazoni. Thiasetazoni ilipendwa kwa urahisi wa bei tu. Kwa Tabora mpango huo uliwafaa watu: vijiji vya tumbaku vya Sikonge na Urambo viko mbali na mji, na mkulima hawezi kushinda hospitali ya Kitete miezi yote minane.

UKIMWI ulipoingia, hesabu ikapinduka. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa kati ya wenye VVU waliotumia thiasetazoni, mmoja katika kila watano alidhurika ngozi. Kwa wasio na VVU, kama mmoja katika mia. Wapo waliokufa. Madhara huanza na muwasho na vipele, watu wakasema ni joto. Kisha homa, macho mekundu, midomo kuchubuka, ngozi kuvuka kama ya aliyemwagikiwa maji ya moto. Hata uji haumezeki.

Madhara haya hujitokeza zaidi wiki za mwanzo za kumeza thiasetazoni, nazo ndizo wiki ambazo mgonjwa wetu alikuwa ameshaagana na muuguzi. Tena alikuwa ameonywa asikatize dozi hata siku moja. Akaendelea kumeza. Utii ukamponza.

Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye VVU wasipewe tena thiasetazoni. Ethambutoli, iliyo ghali zaidi, ikashika nafasi, nayo ina lake: mgonjwa akianza kuchanganya nyekundu na kijani, isimamishwe.

Thiasetazoni imeondoka, lakini Septrini, dawa ya kuwakinga wenye VVU na magonjwa nyemelezi, ipo. Ina salfa, na mara chache huleta balaa lilelile. Vipele vikiandamana na homa au vidonda mdomoni, usimeze dozi inayofuata. Nenda kituoni siku hiyohiyo na dawa zako zote mkononi. Dawa iliyokubabua hivyo hairudiwi maishani. Mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Juma lijalo: nevirapini na ini.