Ubatizo, Toba na Huduma: Maneno Matatu Yanayohitaji Uangalifu

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno matatu yanayokutana mwanzoni mwa Injili, yaani ubatizo, toba na huduma. Kisa chenyewe kinafahamika. Yohana anatokea nyikani karibu na mto Yordani, anawaita watu watubu na kuwabatiza. Yesu naye anabatizwa, anakaa jangwani siku arobaini, na baada ya Yohana kutiwa gerezani anaanza kazi yake katika Galilaya. Si nia yetu kuhubiri, wala kuamua baina ya madhehebu. Ila neno likishaingia katika lugha ya taifa huwa si mali ya kanisa peke yake: mwalimu hulitumia darasani, mfasiri hulitumia mezani pake, na karani wa serikali hukutana nalo katika hati. Wote watatu wanaweza kukosea, na huenda kosa la karani ndilo lenye madhara ya upesi zaidi.

Mifano yetu tumeichukua katika Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu yake Bariadi. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012 kwa kuumega Mkoa wa Shinyanga, na kuongezewa Busega iliyotoka Wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Huko Busega ndiko iliko Nassa, mojawapo ya vituo vya kale vya wamisionari kusini mwa Ziwa Viktoria. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwako huko tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kituo kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Agano Jipya la Kisukuma lilitolewa mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1952. Kwa hiyo mtu wa Bariadi au Maswa amezoea kuyasikia mambo haya kwa lugha mbili, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuuliza neno fulani la Kiswahili lina maana gani hasa.

1. Ubatizo

Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kiyunani baptizo, chenye maana ya kuzamisha au kutosa katika maji. Lilitufikia kwa njia ya lugha za Ulaya. Jambo la kuangalia ni kwamba halikupita katika Kiarabu, ingawa maneno mengi ya dini ya Kikristo katika Kiswahili yalipita huko: kanisa, msalaba, injili, nabii, dhambi. Wakristo wa Kiarabu wana neno lao la ubatizo, lakini Kiswahili hakikulichukua. Hata hivyo batiza lilizoeleka haraka, pengine kwa sababu mwisho wake wa -iza unafanana na vitenzi vyetu kama fanyiza na fukiza. Kutokana nalo tumepata batizwa, mbatizaji na ubatizo, na mzungumzaji wa leo hahisi ugeni wowote.

Kwa kuwa neno lilikopwa badala ya kufasiriwa, maana ya kuzamisha ilibaki kwa Wayunani. Mswahili akisikia batiza hajui kama maji ni mengi au machache. Ndiyo maana watu wenyewe waliunda kipambanuzi, wakasema ubatizo wa maji mengi kwa ule wa kuzamishwa, kama ufanywavyo na Waadventista na wengineo, tofauti na ule wa kumiminiwa au kunyunyiziwa. Katika Simiyu, ambako mito mingi hupungua au kukauka kiangazi na watu wakategemea lambo, maneno hayo mengi si ya mapambo. Mfasiri asiyaone kuwa ni lugha ya mitaani isiyostahili kuandikwa. Ni istilahi iliyotungwa na umma kwa haja ya kweli, nayo inaeleweka.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kiunganishi kidogo cha wa. Tazama mafungu haya: ubatizo wa maji, ubatizo wa watoto, ubatizo wa Yohana, ubatizo wa Yesu, ubatizo wa toba. La kwanza lataja kitu kinachotumika. La pili lataja wanaobatizwa. La tatu lataja aliyebatiza, na la nne, katika kisa cha Yordani, lataja aliyebatizwa. Mwanafunzi akiambiwa aeleze ubatizo wa Yohana na ubatizo wa Yesu, anaweza kudhani kwamba Yohana naye alibatizwa pale, au kwamba Yesu ndiye aliyekuwa akibatiza. Kosa hili si la mwanafunzi bali ni la swali. Mtungaji wa mtihani angeandika “ubatizo alioutoa Yohana” na “kubatizwa kwa Yesu”, utata ungekwisha.

Ubatizo wa toba ni fungu gumu kuliko yote. Je, ni ubatizo unaoleta toba, au unaoonyesha kwamba toba imekwisha kuwapo? Kiyunani chenyewe kina utata huohuo, na wanateolojia wameubishania kwa muda mrefu. Hapa mfasiri atafanya vema kuuacha utata kama ulivyo, maana akiuondoa atakuwa ametafsiri fundisho la dhehebu moja.

2. Cheti cha ubatizo

Sasa tuingie ofisini. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huipokea hati hii kuwa mojawapo ya vielelezo kwa mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa baada ya muda kupita. Kwa watu wa vijijini waliozaliwa zamani, huenda hati hiyo ndiyo karatasi pekee yenye jina lao na tarehe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Bariadi alizaliwa mwaka 1952. Kwa kuwa alimfuata mapacha, Kulwa na Doto, aliitwa Shija, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Alibatizwa sikukuu ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1974, akiwa na miaka 22, akapewa jina la Yohana. Hati yake ina tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa, lakini ya kwanza imefifia. Karani mwenye haraka anaiona ile ya pili, anaandika kwamba Yohana alizaliwa mwaka 1974. Kwa kalamu moja mzee amepunguziwa miaka 22, na jina la Shija limepotea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu kuwa mzee mtu aliyefikisha miaka 60. Mzee wetu aliifikia mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wake ulipoundwa. Kwa maandishi ya karani ataifikia mwaka 2034. Akienda kuomba matibabu ya bila malipo kwa wazee wasiojiweza ataambiwa bado ni kijana. Na ndugu zake wakigawana shamba la baba yao, huenda akaulizwa huyu Yohana ni nani.

Kosa hilo hutokana na mazoea ya kudhani kwamba anayebatizwa ni mtoto mchanga. Injili yenyewe inayakanusha mazoea hayo, kwani Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Karani wetu angekuwapo, angeiandika tarehe ya Yordani kuwa ndiyo ya Bethlehemu. Aidha ifahamike kwamba madaftari ya kale ya Kanisa Katoliki yaliandikwa kwa Kilatini. Humo natus ni “alizaliwa” na baptizatus ni “alibatizwa”. Mtumishi anayeyajua maneno hayo mawili ataweza kumwokolea mtu urithi wake.

3. Toba

Neno toba tumelipata kwa Kiarabu, nalo lilikuwa neno la Waislamu wa pwani kabla Wakristo hawajalitumia. Shina lake lina maana ya kurejea. Kiebrania nacho hutumia kitenzi chenye maana ya kurudi manabii wanapowaita watu kwa Mungu. Kiyunani cha Injili kina metanoia, yaani kubadili nia. Kwa hiyo Kiswahili, kwa kuchukua neno la Kiarabu, kilikaribia zaidi wazo la Kiebrania kuliko umbo la Kiyunani, wala hatuoni hasara katika jambo hilo.

Hasara ipo pale toba inapochanganywa na majuto. Kujuta ni kuumia moyoni kwa lililotendeka. Mathayo anapoeleza hali ya Yuda baada ya kumsaliti Yesu hatumii kitenzi cha metanoia bali kingine, na Kiswahili husema kwamba alijuta. Yuda alijuta, akazirudisha fedha, kisha akajinyonga. Mfasiri akiandika hapo kwamba alitubu, atakuwa amebadili kisa. Vivyo hivyo, kuungama ni kutamka kosa, msamaha hutolewa na aliyekosewa, na kitubio ni jina la sakramenti katika Kanisa Katoliki. Maneno haya ni majirani, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Maana ya toba inaonekana vizuri katika sura ya tatu ya Luka. Watu wanamwuliza Yohana wafanye nini. Hawaambii walie. Mwenye nguo mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango walichowekewa. Askari wasinyang'anye watu wala kuwasingizia, watosheke na mshahara wao. Mafundisho ya Kiislamu nayo huhesabu kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kumrudishia mwenye haki haki yake. Majuto basi ni sehemu moja tu ya toba.

Mwalimu wa Bariadi hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano, kwani Simiyu ni mkoa wa pamba. Karani wa mizani anayempunja mkulima kilo mbili katika kila mzigo, kisha akaona haya usiku, amejuta. Akiirekebisha mizani asubuhi na kumlipa mkulima kilo zake, ametubu. Darasa litaelewa, na pengine hata baba zao wataelewa zaidi.

4. Huduma

Vitabu vingi huwa na kichwa cha habari “Mwanzo wa Huduma ya Yesu”. Msomaji hudhani kwamba neno huduma limo katika kifungu cha Luka kinachoutaja umri wa miaka thelathini. Ukweli ni kwamba Kiyunani hapo kina kitenzi cha kuanza tu. Hakisemi alianza nini. Wafasiri ndio waliojaza: Union Version ikasema kufundisha, wengine wakasema kazi. Kujaza si kosa, kwa kuwa Kiswahili hakipendi kuliacha tendo la kuanza likining'inia bila kitu. Ila mwalimu ajue kwamba lililojazwa ni la mfasiri, asije akajenga juu yake fundisho ambalo Luka hakuliandika.

Je, huduma ni neno la kufaa? Kwa asili ni la Kiarabu, lenye maana ya kumtumikia mtu. Linafaa sana kwa diakonia ya Kiyunani, ambayo hapo mwanzo ilihusu kuandaa meza na kuwalisha watu. Lakini katika lugha ya utawala huduma sasa ni maji, zahanati, barabara na umeme. Mwananchi wa Itilima akisikia “mwanzo wa huduma” atafikiri bomba limefika. Siku hizi pia neno hilo limekuwa jina la kundi la kidini, mtu akisema “huduma yetu” kwa maana ya kanisa lake. Mtumishi naye ana mabwana wawili, kwani yupo mtumishi wa Mungu na yupo mtumishi wa umma. Barua isemayo “watumishi wote wahudhurie” huweza kuwaleta wahubiri mahali walipotakiwa maofisa.

Maneno mengine yapo. Kazi ni pana na halina makosa. Utume lafaa panapozungumzwa kutumwa, lakini lisichanganywe na cheo cha mtume. Utumishi lafaa panapozungumzwa hali ya kudumu ya kutumika. Kwa kichwa cha kitabu cha shule tungependelea “Yesu aanza kazi yake hadharani”, maana kila mtoto atakifahamu, awe Mkristo au asiwe.

Hitimisho

Kutokana na haya tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, panapokuwa na kitenzi katika matini ya asili, mfasiri akipendelee kitenzi kuliko nomino yenye wa, isipokuwa pale utata wenyewe ni sehemu ya matini. Pili, toba, majuto, maungamo na kitubio yasitumiwe kana kwamba ni neno moja. Tatu, huduma litumike panapokuwa na maana ya kuwahudumia watu, si kila mahali penye kazi ya dini. Nne, katika ofisi za usajili tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kubatizwa zisomwe kuwa mambo mawili, na jina la ubatizo liandikwe pamoja na jina la kuzaliwa, lisilifute.

Baraza likisanifisha istilahi hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa na anayeandika, awe mezani kwa mfasiri, ubaoni kwa mwalimu, au kwenye daftari la karani wa Bariadi, ambapo mbele yake amesimama mzee mwenye hati iliyofifia mkononi.